Gitaa Lililopinduliwa

Halikuwa lenyewe.

Msomaji wangu, wiki iliyopita tulimwacha Mama Dawa amepiga magoti kwenye zulia la Mwenyekiti, kasha liko wazi mbele yake, na wapenzi wa magitaa ya zamani wamemwinamia mabegani kama watu wanaochungulia kisima. Wote waliguna kwa raha. Yeye peke yake ndiye aliyelikagua ukingo kwa ukingo.

Alikuwa amekuja kununua gitaa la besi la marehemu baba yake. Lililokuwa ndani ya kasha lilikuwa gitaa jingine.

Lilifanana nalo, hapo hapana ubishi. Rangi ileile ya kahawia inayokolea kuwa nyeusi pembezoni. Shingo ileile ndefu. Hata ile pembe ya chini iliyong'atwa na meno ya mtoto ilikuwepo, na mtoto huyo alikuwa yeye Mama Dawa, enzi hizo meno yanaota na kila alichokishika kilikuwa chakula. Lakini mchubuko ulikuwa upande usio wake.

Mtu akipiga gitaa moja miaka nenda miaka rudi, mkono wake hulalia ukingo uleule hadi rangi inaisha na mbao inabaki uchi. Gitaa hili lilikuwa limechubuka ukingo wa juu, pale unapolalia mkono wa kila anayepiga kwa kulia. Baba yake alikuwa wa kushoto. Alilichukua gitaa la watu wa kulia, akalipindua juu chini, hakuhamisha hata uzi mmoja, na akalipiga hivyo hivyo maisha yake yote. Mchubuko wake ulikuwa ukingo wa chini.

Watu walimwita Nguzo, kwa kuwa bendi nzima ilimwegemea. Na gitaa lake aliliita Shangazi. Likikohoa tu, alikuwa akisema, nyumba nzima inanyamaza.

"Vipi, Mama Dawa?" Mwenyekiti aliuliza huku akichezea vifungo vya shati lake la hariri. "Umeona mzimu?"

"Nimeona uzuri, Mwenyekiti. Nimekosa maneno."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akacheka kuliko wote. Hakumjua. Mara ya mwisho kumwona, mwanamke huyu mwenye duka la dawa na miwani ya kamba alikuwa kitoto cha shule ya msingi, kinamkimbilia mlangoni na kumwita Baba Mdogo.

Ndiyo, Baba Mdogo. Si wa damu, lakini nani alijali? Alikuwa akipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya Nguzo. Alikula nao sahani moja. Kisha Nguzo akapigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, na Baba Mdogo akaja mchana kweupe akaondoka na Shangazi. "Amelipeleka matengenezo," Mama alimweleza binti yake. Halikurudi. Nguzo akaaga dunia huku mkono wa kushoto, uliobaki mzima, ukichezesha vidole juu ya shuka, ukitafuta nyuzi ambazo hazikuwepo.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, bwana yule akaanza kutangaza kwamba Nguzo alikuwa wa jukwaani tu, na besi zote zilizo kwenye santuri za bendi ile, zile zinazowafanya watu wazima wafumbe macho na kutikisa vichwa, alizipiga yeye. Mwenye besi alikuwa kaburini. Nani angebisha?

Wakamwamini. Wakamfanya mwenyekiti wa chama chao cha wapenda besi. Na Mama Dawa akajiunga na chama hicho, akajifunza kununua na kuuza, akabishana nao kwenye kundi lao la simu kuhusu nyuzi kuukuu na nyuzi mpya, ubishi uliowafanya watu wawili waache kusalimiana. Miaka yote hiyo alimtabasamulia Mwenyekiti kama mwanafunzi mpole, akisubiri siku atakayotaka kuliuza.

Siku imefika, na mwizi anamwibia kwa mara ya pili!

Furaha ikampanda Mama Dawa. Furaha mbaya, ile inayopanda pamoja na nyongo. Safari hii mashahidi walikuwa wamejaa sebuleni.

Akafungua mdomo apige kelele. Akaufunga.

Akipiga kelele sasa, Mwenyekiti ataaibika, sawa. Lakini Shangazi wa kweli yuko wapi? Kabla ya jioni atakuwa amehamishwa, na hatapatikana tena.

"Mimi sina shaka na neno la Mwenyekiti," alisema kwa sauti ya upole, "lakini mnanijua, mimi muuza dawa. Hata panadoli naangalia tarehe. Fundi alikague kidogo, moyo wangu utulie."

"Hiyo ni haki yake," alisema Kapteni, rubani mstaafu mwenye magitaa mengi kuliko nyimbo anazozijua. "Skrubu ziangaliwe. Skrubu zikiwa za juzi, mimi hata kulibeba silibebi."

"Na ndani," mwingine akadakia. "Mie nilishauziwa gitaa ambalo nje ni babu, ndani ni mjukuu."

Mwenyekiti alipunga mkono kama mfalme anayeruhusu wimbo uendelee. "Fundi, njoo uwatoe wasiwasi."

Fundi alikuwa mtu mwembamba mwenye vidole virefu, ndiye aliyetengeneza magitaa ya chama kizima, na neno lake lilikuwa muhuri. Alikaa chini, akafungua kifuniko, akamulika ndani kwa tochi ndogo. Akagusa waya. Akanusa mbao. Watu wakasogea karibu.

"Risasi ya kulehemu haijaguswa," alisema. "Sumaku ni zake. Mbao ni yake." Akafunga kifuniko bila kuinua macho. "Ni lenyewe."

Sebule ikalipuka kwa makofi.

Mama Dawa naye akapiga makofi. Lakini aliona jasho likiteremka nyuma ya sikio la Fundi, na feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa chake.

"Fundi," alisema, "mimi koo limekauka. Twende jikoni unisaidie kubeba bilauri za watu."

*

Jikoni, alifungulia bomba ili maji yafunike maneno.

"Umelitengeneza lini?"

"Lipi, mama?"

"Fundi, ile pembe iliyong'atwa, niliyeing'ata ni mimi. Na meno yangu hayakuwa na makali ya tupa."

Fundi aliacha bilauri ifurike chini ya bomba, maji yakamwagika sakafuni. Alimtazama, akatazama mlango, akamtazama tena, na polepole akaanza kuuona uso wa mtu mwingine ndani ya uso ule. Kila mpenda besi aliijua picha ya Nguzo iliyotoka gazetini siku ya mazishi yake.

"Yaa Rabi," alisema. "Wewe ni mtoto wa Nguzo."

"Nakusikiliza."

"Nilimwambia mchubuko uko chini! Nilimwambia, Mwenyekiti, nikilifanya pacha nitalifanya pacha kamili. Akakataa. Akasema niuweke juu. Akasema lile la kwanza lina kasoro."

"Kasoro." Mama Dawa alilirudia neno hilo kana kwamba analipima kwenye mizani ya dukani kwake. "Mkono wa baba yangu ni kasoro."

"Nisamehe, mama."

"Sijafika huko. Lenyewe liko wapi?"

"Kwangu. Karakana. Lina mteja wa nje, linaondoka Jumatatu."

"Na wewe ulikubali."

"Ningefanyaje? Wote wale sebuleni wananiletea kazi kwa sababu yake. Akitamka neno moja baya, sitaletewa hata gitaa la mtoto la plastiki. Nina familia."

"Na mimi nilikuwa nayo," alisema Mama Dawa. Akafunga bomba. "Sikiliza. Nikirudi kule nitasema, liwalo na liwe. Ukisimama upande wangu, utakuwa fundi aliyekosa na akakiri. Ukikaa kimya, utakuwa fundi wa magitaa bandia hadi uzeeni. Futa maji hayo, unalowesha viatu."

*

Walipotoka, Mwenyekiti alikuwa ameshafunga kasha na kuliweka miguuni pake. Kapteni alikuwa amesimama mbele ameinua simu, maana kila gitaa linapobadilisha mikono yeye hurekodi na kutuma kwenye kundi, ili wasiokuja waone wivu.

"Haya, Mama Dawa, tupeane mikono," Mwenyekiti alisema.

"Subira kidogo, Mwenyekiti. Leo ni siku kubwa kwangu. Nitakuwa na gitaa ila sina hadithi yake. Tusimulie ile ya jalada."

Mwenyekiti aliipenda hadithi hiyo kuliko chakula. Juu ya kochi lake, ndani ya fremu ya dhahabu, lilining'inia jalada la santuri maarufu kuliko zote za bendi ile: vijana sita wenye suruali pana, dramu nyuma, na mbele kabisa tarumbeta lililoziba uso wa mpiga besi. Kilichoonekana chake ni mwili na gitaa tu.

"Huyo hapo nyuma ya tarumbeta," Mwenyekiti alianza, akivimba, "ni mimi mtumishi wenu. Mpiga picha alituambia msitikisike. Mpuliza tarumbeta akatikisika! Nikakosa uso kwenye historia."

Watu wakacheka pale wanapocheka siku zote.

"Mbona unapiga kwa kushoto?" Mama Dawa aliuliza.

"Swali la kila mgeni!" Mwenyekiti aliwageukia wengine. "Mwelezeni."

"Mchapaji aligeuza picha," walijibu kwa pamoja kama darasa.

"Aaa. Mchapaji." Mama Dawa akasogea kwenye kochi. "Naomba ulishushe nilione vizuri. Macho yangu yameharibiwa na maandishi ya madaktari."

Mwenyekiti alilishusha mwenyewe. Kumbuka hilo, msomaji. Kwa mikono yake mwenyewe, huku akitabasamu, akampa.

"Kapteni," alisema Mama Dawa, "una macho ya kuonea mbali. Hebu nisomee kilichoandikwa kwenye ile ngoma kubwa ya dramu."

Kapteni alisogeza simu kando, akainama. Akasoma jina la bendi herufi kwa herufi, kwa sauti kubwa, kama anayezungumza na mnara wa uwanja wa ndege.

"Unalisoma kutoka wapi kwenda wapi?"

"Kushoto kwenda kulia. Kama maandishi yoyote."

"Halijageuka?"

"Halija..." Kapteni akalisoma tena.

Mtu mmoja kule nyuma akasema, "Loo," polepole sana.

"Picha ikigeuzwa," alisema Mama Dawa, "na maandishi yanageuka nayo. Haya hayajageuka. Mchapaji hakukosea kitu, maskini, mmemsingizia miaka yote hii. Aliyeshika gitaa hili ni mtu wa kushoto. Mwenyekiti, wewe unaandika kwa mkono gani?"

"Mambo gani haya?" Mwenyekiti alicheka, lakini kicheko kilitoka kimekatika. "Labda... labda ngoma yenyewe iliandikwa kinyume. Vijana walikuwa wakorofi."

"Waliandika ngoma kinyume wakisubiri mchapaji akosee?" Kapteni aliuliza.

Wachache wakacheka. Si pale wanapocheka siku zote.

Mwenyekiti akamgeukia Mama Dawa, na sasa hariri ya sauti yake ilikuwa imechanika. "Wewe ni nani hasa?"

Mama Dawa alikuwa ameisubiri sentensi hiyo tangu siku ile mabawabu walipoufunga mlango wa chumba cha maiti. Alikuwa ameifanyia mazoezi bafuni, dukani, kwenye foleni ya benki. Sasa imefika, hakuikimbilia. Aliivua miwani yake kwanza.

"Baba Mdogo," alisema, "umenisahau kweli?"

Mwenyekiti alikaa.

"Mimi ni binti wa Nguzo. Na gitaa ulilotaka kuniuzia leo si la baba yangu, ni pacha wake. Fundi!"

Fundi aliutazama mlango wa nje. Mama Dawa alidhani amempoteza. Kisha yule mtu mwembamba akainuka, akiwa ameshika kofia yake kifuani kama yuko msibani.

"Nimelitengeneza mimi," alisema. "Kwa agizo lake. Lenyewe limechubuka ukingo wa chini."

Hapo, ndugu zangu, ndipo mlipokosa kuwepo.

Kwa sababu pale sebuleni palikuwa na mtu aliyewahi kununua gitaa jekundu kwa Mwenyekiti, akatoa sauti kama aliyekanyagwa. "Na lile langu?"

"Na langu je?" mwingine akaruka. "Lile aliloniapia kuwa limezunguka na bendi dunia nzima?"

"Mimi nimeuza pikipiki kwa ajili ya lile gitaa!"

Kila mmoja akamkumbuka mtoto wake wa mbao aliyeko nyumbani, na kila mmoja akamtilia shaka. Wakamzunguka Mwenyekiti kwa vidole na mate. Waliokuwa wakimfungulia mlango wa gari dakika chache nyuma sasa walikuwa wakimvuta kola. Kapteni hakushusha simu hata mara moja.

Mama Dawa alisimama kando akitazama. Aliacha waendelee. Aliacha zaidi ya ilivyohitajika, na alijua.

Kisha akainua mkono, wakanyamaza, maana sasa walimsikiliza yeye.

"Nataka kitu kimoja tu. Aseme nani alipiga besi zile."

Mwenyekiti alitazama zulia. Akanong'ona kitu.

"Sijasikia, Baba Mdogo."

"Nguzo."

"Kapteni amesikia?"

"Simu haijanasa," alijibu Kapteni bila huruma.

"Nguzo!" Mwenyekiti alipaza sauti, na sauti ikampasuka. "Alipiga Nguzo! Zote! Mimi besi siijui, nilikuwa nakwaruza ridhimu tu, na siku ya picha sikuwepo! Mmeridhika?"

Mtu mmoja alilitundika jalada mahali pake, akalinyoosha kwa kidole.

*

Mwenyekiti alimfuata Mama Dawa hadi kwenye geti. Alikuwa peku, shati limetoka suruali, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Umefurahi?" aliuliza.

"Bado. Nikifurahi nitakujulisha."

"Binti." Akashika mlango wa gari usifungwe. "Umenivua nguo mbele za watu, sawa. Lakini mimi sikuiba. Nenda nyumbani ukamuulize mama yako. Muulize ni nani aliyelitoa gitaa chumbani na kunipa mkononi."

"Ondoa mkono wako, nitaubana."

"Muulize!"

Akafunga mlango. Mzee aliuondoa mkono kwa wakati, na Mama Dawa akasikitika kidogo kwamba aliuondoa.

*

Karakana ya Fundi ilinuka gundi na vumbi la mbao. Fundi alilitoa gitaa nyuma ya kabati, limefungwa kwa blanketi, akalilaza kwenye meza ya kazi, kisha akatoka nje bila kuambiwa.

Mama Dawa alifunua blanketi.

Ukingo wa chini mbao ilikuwa uchi, laini kama shavu. Vile vidude vya kuzungushia sauti, ambavyo gitaa likipinduliwa hukaa juu, vilikuwa vimesagika vyote kwa mikono ya mashati. Aliweka kiganja chake pale ulipokuwa unalala mkono wa baba yake.

Hakulia. Alikuwa amejiandaa kulia na machozi hayakuja. Kilichokuja ni sauti ya yule mtu getini. *Ni nani aliyelitoa chumbani?*

Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni bila kupumzika. Video ya Kapteni ilikuwa imetoka kwenye kundi, ikaingia makundi mengine, ikaanza kuzunguka nchi. Watu wasiomjua walimwandikia: *Umemuweza! Safi sana, dada!* Akaizima.

*

Mama yake aliishi kwenye vyumba vya nyuma ya duka la dawa. Alimkuta anapiga pasi mashuka, amewasha redio ndogo, dirisha liko wazi na jua la alasiri linaingia hadi mezani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Binti alilaza blanketi kitandani, akalifunua.

Alikuwa ameiota picha hii mara nyingi. Mama ataweka mkono mdomoni. Mama atapiga magoti, atalishika, watalia wote wawili.

Mama alilitazama gitaa. Pasi ilikuwa imesimama juu ya shuka, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikaanza kupanda.

"Nani," alisema, "amekuambia ulilete hilo humu ndani?"

"Mama! Ni Shangazi. Nimempata mwizi wako, nimemwaibisha mbele ya..."

"Mwizi gani?"

Binti alichomoa pasi ukutani, kwa sababu mikono ilitaka kazi. "Wewe ndiye uliyeniambia. Alilipeleka matengenezo, hakulirudisha."

"Ulikuwa mtoto. Ningekuambia nini?" Mama akaketi kwenye kiti cha plastiki. Akazima redio. "Mimi ndiye niliyelitoa chumbani. Baba yako amelala kitandani, anaona, ulimi hauwezi kusema, mkono ule unatapatapa. Nikalibeba mbele ya macho yake, nikampa Baba Mdogo wako."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo alivyotaka ili anyamaze. Sikuibiwa, mwanangu. Nilinunua ukimya."

Maneno yalimtoka polepole, kama mtu anayejitoa mwiba. Miezi michache kabla ya kiharusi, wanaume hao wawili wakirudi peke yao kutoka kwenye dansi, Nguzo ndiye aliyekuwa akiendesha gari la bendi, na alikuwa amelewa. Baba Mdogo alikaa pembeni yake. Njiani wakamgonga msichana mmoja ambaye hata Mama alimjua sura, mkata tiketi wa ukumbi uleule walikopiga, aliyekuwa akirudi kwao kwa miguu. Nguzo akaganda kwenye usukani. Baba Mdogo ndiye aliyeshuka, akambeba, akampeleka hospitali akisema amemwokota barabarani.

"Asubuhi akaja nyumbani kutuambia amefariki. Baba yako hakula siku hiyo. Hakulala sawasawa tena. Mimi naamini kiharusi kile kilianza pale. Na alipoanguka, Baba Mdogo wako akaja akakaa kando ya kitanda chake. Akasema, shemeji, nipeni Shangazi, la sivyo nitakwenda polisi niseme nani alishika usukani. Nimpe jela mtu aliyepooza? Niache wewe ukue ukiitwa mtoto wa muuaji?"

"Na ile habari kwamba alipiga yeye..."

"Niliisikia. Kila siku nilisikia. Nikameza." Mama aliinua uso, na macho yake yalikuwa makavu na makali. "Usidhani wewe peke yako unajua kuchukia. Mimi nilimchukia nikiwa nimefunga mdomo, hilo ni gumu kuliko lako. Sasa umemvua nguo mbele za watu. Mtu wa namna hiyo anaogopa nini tena? Kesho atasema yote. Na kila anayemsifu baba yako leo kwenye hiyo simu yako, kesho atamtemea mate."

Binti alitazama Shangazi kitandani. Ushindi wake wote, ule aliokuwa akiulisha kwa miaka, ulikuwa umemgeukia na kumkodolea macho. Alitaka kumwambia Mama pole. Alitaka pia kurudi kwenye lile geti na safari hii aubane ule mkono kweli.

Alikuwa hajaamua lipi lianze, mlango ukagongwa.

"Ndiye," Mama alinong'ona. "Amekuja."

Mama Dawa akachukua pasi. Ilikuwa bado ya moto. Akaenda mlangoni, akauvuta kwa nguvu.

Hakuwa Mwenyekiti.

Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kitambaa cha buluu kichwani, ameegemea gongo la chuma, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Mkononi alishika simu, na kwenye kioo cha simu uso wa Mwenyekiti ulikuwa umesimama, mdomo wazi, katikati ya kupayuka jina la Nguzo.

"Samahani," mgeni alisema. "Wa duka la dawa wameniambia nizungukie huku. Wewe ndiye dada wa kwenye video? Nimekuja kwa sababu ya huyu mwanaume. Kuna jambo lake jingine, na nimelikalia muda mrefu mno."

Nyuma yake Mama Dawa alisikia kiti cha plastiki kikianguka.

Mama alikuwa amesimama, ameshika ukuta kwa mikono miwili, anamtazama mgeni kutoka usoni hadi kwenye mguu, kutoka kwenye mguu hadi usoni.

"Wewe," alisema. "Wewe ni mkata tiketi. Wewe si ulikufa?"

Mwanamke wa gongo alishusha simu.

"Nife?" aliuliza. "Na huyu mwanaume aliyeniambia nisiende polisi, eti kila mwezi anachukua kwa mumeo pesa za matibabu yangu, alikuwa akizipeleka wapi?"